Mchoro Mmoja, Waombaji Wawili

Mtaalamu alipotangaza kwamba atamfanyia mke wake mazoezi ya usaili, mama yake mzazi alizima redio, akasogeza kiti chake hadi mlangoni mwa sebule ili asipitwe na neno. Hakujua lolote kuhusu kompyuta. Alijua tu kwamba mkwewe ataulizwa maswali na atababaika, na hilo lilimtosha kuwa burudani ya Jumamosi nzima.

"Toka nje, halafu ubishe hodi," Mtaalamu aliamuru. Alikuwa ameketi nyuma ya meza ya kulia, amevaa shati la ofisini ambalo halikuwa limetoka kabatini kwa miezi saba.

"Nyumbani kwangu nibishe hodi?"

"Unaona? Hata hujaingia, umeshaanza ubishi. Watu wa aina yako ndio wanaotolewa dakika ya kwanza."

Mke alitoka, akasimama kibarazani kama mdai asiyejulikana, akabisha hodi. Kazini na mtaani walimwita Mama Mita. Kwa miaka tisa alikuwa mwandishi wa programu katika idara ya maji, kwenye chumba kisicho na dirisha, na mita zote za mji zilisomwa na kuhesabiwa kwa mfumo alioubuni yeye. Kitambulisho chake bado kiliandikwa "msaidizi". Sasa kampuni moja kubwa ya teknolojia ilikuwa imetangaza nafasi moja, moja tu, ya mhandisi mwandamizi wa programu. Mama Mita aliomba, akafaulu mtihani wa kwanza, akafaulu wa pili, akaitwa kwenye usaili wa mwisho Jumatano iliyofuata. Aliitaka kazi hiyo kwa roho yake yote na hakuona haya kusema hivyo.

Na Mtaalamu? Jina hilo alipewa na kinyozi wa mtaa, naye akalipenda kiasi kwamba siku hizi ukimwita kwa jina lake hageuki. Naye pia alikuwa mwandishi wa programu, na unga wake ulimwagika miezi saba iliyopita. Nafasi hiyo hiyo aliiomba pia, lakini watu wote, kuanzia mama yake hadi kinyozi, aliwaambia kwamba aliitwa akakataa kwenda. "Wanatafuta vijana wa kutumwa," alisema. "Mimi si wa kutumwa."

"Karibu," alimwambia mkewe, bila kunyanyua macho. "Keti. Nani kakuambia uketi kabla sijamaliza kusema keti?"

Mama mkwe alicheka kwa pua.

"Unataka mshahara kiasi gani?"

Mama Mita alikuwa ameliwazia swali hilo kwa wiki mbili. Akataja kiasi. Mtaalamu aliegemea kiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama yake naye akacheka bila kujua kilichochekesha.

"Kiasi hicho? Wewe? Watakuuliza kama umekuja na bunduki."

"Wewe ungetaja ngapi?"

"Mimi ni mimi." Alijifuta macho. "Swali jingine. Kosa kubwa kuliko yote uliyowahi kufanya kazini?"

"Kuna siku moja..."

Mtaalamu alipiga meza. "Hapana! Hapo ndipo unapojichimbia kaburi. Mtu hakiri kosa kwenye intavyu. Unasema kosa lako ni kujituma kupita kiasi, unasahau hata kula. Unatabasamu. Basi."

"Lakini huo ni uongo."

"Ndiyo maana wewe ni msaidizi mpaka leo."

Mama Mita alikasirika, na mbaya zaidi alianza kuamini kwamba huenda mumewe anasema kweli. Yeye alikuwa ameshawahi kukaa upande wa pili wa meza, ameshahoji watu wengi, na yeye Mama Mita usaili wake wa mwisho ulikuwa miaka tisa iliyopita, mbele ya mzee mmoja aliyesinzia. Kwa hiyo alivumilia. Alitoka na kuingia mara sita siku ile, akabisha hodi mara sita, na mara ya sita jirani alichungulia juu ya ukuta kuuliza kama amepoteza ufunguo.

Jumapili baada ya chakula cha mchana walifika kwenye mchoro.

Kampuni ilikuwa imemtaka kila mwombaji atume mchoro wa mfumo aliousanifu mwenyewe, ili siku ya usaili aueleze ubaoni. Mama Mita alituma ule wa mfumo wa mita. Ulikuwa na visanduku na mishale: simu za wasoma mita upande huu, kompyuta kuu ya idara upande ule, na katikati njia ambayo namba hupita. Wasoma mita walitembea sehemu zisizo na mtandao, kwa hiyo namba walizosoma zilikaa kwenye simu zao mpaka warudi. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika kwamba zikikaa zaidi ya siku kumi na moja, mfumo hauzipokei tena.

Mtaalamu aliuchapisha mchoro, akauweka mezani. Siku hiyo hakucheka. Alikohoa kidogo, akauliza kwa sauti ya taratibu, sauti ambayo haikuwa yake:

"Tunaona hapa umeweka siku kumi na moja. Kwa nini si wiki moja? Kwa nini si wiki mbili, kama wafanyavyo wengine?"

Uso wa Mama Mita ulifunguka. Lilikuwa swali zuri, la kwanza katika siku mbili. "Kwa sababu ya msoma mita wa mlimani," alisema. "Nilitembea naye nikaona. Njia yake yote inamchukua siku kumi kwa miguu. Nikampa kumi za kutembea, na moja ya kuumwa. Angekuwa na wiki moja, kazi yake ingepotea kila mwezi. Angekuwa na mbili, wa mjini wangelala."

"Kumi za kutembea, na moja ya kuumwa," Mtaalamu alirudia, huku akiandika.

"Unaandika nini?"

"Alama zako. Umejitahidi. Nenda kapumzike."

Alikwenda jikoni kuosha vyombo, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha. Akasuuza kikombe kimoja, akasuuza cha pili. Kwenye cha tatu mkono ukasimama. Mwanaume huyu, katika miaka tisa, hakuwahi kumuuliza hata mita inasomwaje. Akianza kueleza habari za kazi, mumewe huomba chumvi. Leo ametoa wapi swali hilo, na sauti ile ameitoa wapi? Na kwa nini kwa siku mbili hakuandika hata alama moja, ila jibu lile tu?

Alirudi sebuleni mikono ikichuruzika povu.

"Nani alikuuliza kuhusu kumi na moja?"

"Nimekuuliza mimi."

"Na wewe nani alikuuliza?"

"Sasa hayo ni maneno gani?"

"Wiki mbili zilizopita ulikwenda kung'oa jino," Mama Mita alisema. "Ulivaa tai. Nilikuuliza nani huvaa tai kwenda kung'oa jino, ukasema daktari ni mtu wa heshima. Fungua mdomo."

"Nini?"

"Fungua mdomo nihesabu meno."

"Mwanangu, mfungulie aone, tumalize," mama mkwe alisema kwa ukali, maana alikuwa amemchemshia mwanawe uji laini siku tatu kwa ajili ya jino hilo, na alitaka mkwewe aaibike.

Mtaalamu alifunga mdomo, akakaza taya. Akamtazama mama yake, akatazama dirisha. Mama mkwe akaanza kuelewa kwamba uji wake uliliwa bure.

"Ulikwenda kwenye intavyu," Mama Mita alisema. "Na mchoro wangu."

"Usipandishe sauti. Nyumba moja, kompyuta moja, faili liko pale pale. Kilicho cha mke si cha mume?"

"Ulisema ni wako."

"Sikusema ni wangu, niliutuma tu. Hata hivyo haukuwa na jina! Ungekuwa wako ungeandika jina."

"Nilidhani nikiwa nyumbani kwangu sihitaji kuandika jina."

"Wakaniuliza hizo kumi na moja zako," alisema, na hapo chuki ikamtoka wazi, kwa kuwa aibu ile alikuwa ameimeza peke yake siku kumi na nne. "Nikawaambia ndiyo kawaida ya kitaalamu. Wakatazamana. Kijana mdogo, ndevu hazijamkaa sawa, akamtazama mwenzake akatabasamu. Miaka kumi na saba niko kwenye fani hii! Kisha wakasema watanijulisha. Hawajanikataa, unanisikia? Bado nasubiri jibu."

"Ndiyo maana ukajidai kunifundisha. Ulikuwa unatafuta jibu."

"Nilikuwa nakusaidia pia. Viwili haviwezi kwenda pamoja?"

Mama Mita alirudi jikoni, akamalizia vyombo, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alivisuuza vyote upya, hata vilivyokwisha kukauka.

Simu ilimkuta kazini Jumatatu. Alipokea kwenye ngazi, maana chumba chao hakikuwa na siri. Aliyepiga alikuwa afisa wa ajira wa ile kampuni, mwanamke mwenye adabu nyingi na huruma kidogo.

"Tuna jambo la kukufahamisha. Mchoro wako umetufikia mara mbili, kutoka kwa waombaji wawili wenye anwani moja."

"Mwingine ni mume wangu. Mchoro ni wangu."

"Naelewa. Lakini faili lenyewe linaonyesha limetengenezwa kwenye kompyuta iliyosajiliwa kwa jina lake."

"Kompyuta ndiyo yake. Kazi ni yangu."

"Utatueleza Jumatano. Naomba tu ujue mapema: atakayeonekana kuwa ameiba kazi ya mwenzake, jina lake linafutwa hapa na katika kampuni nyingine tatu tunazoshirikiana nazo. Ni utaratibu." Akamtakia mchana mwema.

Mama Mita alikaa kwenye ngazi mpaka mfagizi akamwomba ainue miguu. Angefutwa yeye, huo ndio ungekuwa mwisho wake, kwa kuwa katika fani yao hakukuwa na kampuni nyingi zaidi ya hizo nne zenye kazi ya maana. Angebaki chumba kile kisicho na dirisha mpaka astaafu, na hata huko labda wangesikia.

Jioni alimweleza mumewe mbele ya mama mkwe, bila kupaka rangi.

"Andika barua," alisema. "Mistari mitatu. Sema mchoro ni wa mkeo, uliutuma kwa makosa, unajitoa. Ukijitoa mwenyewe hawatakufuta. Nitawaomba wasikufute."

"Unataka nijichinje kwa mkono wangu."

"Nataka usinichinje mimi."

"Mwanaume akikosa kazi anadharauliwa mpaka na kuku," mama mkwe aliingilia. "Wewe unayo kazi yako ya mita. Kwa nini usimwachie hii? Mke mwenye akili angemwachia."

"Mama, siyo sahani ya wali kwamba nitamsogezea. Wataniandika mwizi."

"Watakusahau. Nani anakujua wewe?"

Ilishangaza basi kwamba aliyelegea alikuwa Mtaalamu. Alishika tama, akasema: "Mama, mwache. Ana haki." Akamgeukia mkewe. "Nitaandika. Nipe mpaka Jumatano asubuhi, nitafute maneno."

Mama Mita alimtazama sana. Aliwahi kumpenda mtu huyu kwa sababu alijua kusema samahani vizuri kuliko watu wote. Alimwamini. Hakumwamini kabisa kabisa, lakini alimwamini vya kutosha kulala usingizi.

Jumatano saa moja asubuhi alipokuwa akipiga pasi blauzi yake chumbani, alimsikia mumewe sebuleni akibonyeza vitufe vya kompyuta, polepole, akisita, akiendelea. Alipotoka alimkuta amechuchumaa mlangoni, anang'arisha viatu vyake, vya mkewe, kwa brashi.

"Nimeshaituma," Mtaalamu alisema bila kuinua kichwa.

"Umeituma kweli?"

"Nimewaambia kila kitu. Nenda kawashinde."

Mama Mita alishindwa kujizuia. Aliinama akambusu kichwani, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama mkwe aligeuza uso ukutani.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti, aliyekuwa mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, yule kijana wa ndevu, ambaye ndiye mkuu wa wahandisi, na afisa wa ajira aliyepiga simu. Hakuna aliyetabasamu. Mama Mita aliketi, akaambiwa ahamie kiti kingine kwa sababu hicho kilikuwa na mkoba wa mwenyekiti, akahama.

"Kabla ya yote," mwenyekiti alisema, "leo asubuhi tumepokea barua kutoka kwa mwombaji mwingine. Kuhusu mchoro."

"Ndiyo," Mama Mita alisema kwa furaha. "Alinieleza."

"Alikueleza?" Mwenyekiti alivaa miwani. "Basi itakuwa rahisi. Anasema hivi: 'Ninasikitika kuwafahamisha kwamba mke wangu, ambaye ni mtu mwema lakini ni msaidizi tu katika idara yake, alichukua mchoro wangu kwenye kompyuta yangu na kuutuma kama wake. Siku ya usaili niliulizwa kuhusu siku kumi na moja, nikajibu kwa mkato kwa sababu ya maumivu ya jino. Jibu kamili ni kwamba msoma mita wa mlimani anahitaji siku kumi za kutembea, na moja ya kuumwa. Mchoro wangu hauna dosari na umetumika miaka minne bila tatizo lolote. Naomba mke wangu asiadhibiwe sana.'"

Mama Mita alisikia maneno yote, moja moja, na hakuna hata moja lililomkosa. Masikio yalimlia. Aliona viatu vyake vinavyong'aa chini ya meza, akatamani kuvivua aviache pale pale na kuondoka peku. Maumivu yalikuwa makali kuliko hasira, na hasira yenyewe ilikuwa nyingi.

"Una la kusema?" afisa wa ajira aliuliza. "Swali la siku kumi na moja ndilo tulilotaka kukupima nalo. Sasa limeshajibiwa."

"Naomba usome tena pale mwisho," Mama Mita alisema. "Pale anaposema dosari."

"'Mchoro wangu hauna dosari na umetumika miaka minne bila tatizo lolote.'"

"Naomba kalamu ya ubao."

Kijana wa ndevu alimpa. Mama Mita aliinuka, akachora ubaoni visanduku vyote kwa kumbukumbu, kwa haraka ya mtu anayeandika jina lake. Kisha akaweka duara kubwa kwenye mshale mmoja.

"Hapa pana kosa. Ni kosa langu, na ndilo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini. Wasoma mita walikuwa wakipokea na malipo. Risiti nazo zilikaa kwenye simu zao, zikisubiri, sawa na namba za mita. Lakini amri ya kukata maji haikusubiri kitu. Ilitoka huku, kwenye kompyuta kuu, ambayo haikujua kwamba mlimani watu wameshalipa. Ndani ya siku zile kumi na moja, tulikata maji ya nyumba arobaini na mbili zilizolipa. Siku mbili nzima."

"Lini?" kijana aliuliza.

"Mwezi wa tatu baada ya kuanza kuutumia. Nilikwenda na fundi bomba nyumba kwa nyumba. Nyumba ya thelathini na kitu nilimkuta mama mwenye mtoto wa siku nne. Hakunitukana. Alinionyesha risiti tu, akaendelea kunionyesha mpaka nikatazama chini." Aligonga mshale wenye duara kwa kalamu. "Wiki ile ile nilirekebisha mfumo. Kwenye mfumo unaofanya kazi leo, mshale huu haupo, na mnaweza kuwauliza idara, barua yangu ya kuomba radhi iko kwenye jalada na ina sahihi yangu. Mchoro ndio sikuurekebisha. Huo mliotumiwa, na mimi na yeye, ni wa kabla."

"Ulirekebishaje?" kijana aliuliza. Alikuwa ameinuka na kusogea ubaoni bila kujijua.

Hapo ndipo usaili ulipoanza, na ulikuwa mkali. Walimhoji kwa saa mbili na nusu. Kijana hakumpa nafasi ya kupumua: kama simu ikiibiwa? Kama mita moja ikisomwa na watu wawili? Kama wateja wakiwa mara mia? Mama Mita alijibu alichokijua, na mara tatu alisema hajui, na mara moja alimwambia kijana kwamba swali lake limekaa vibaya, akamwonyesha lilipokaa vibaya. Alisahau jinsi ya kukaa na jinsi ya kutabasamu, na yote aliyofundishwa tangu Jumamosi yalimtoka kichwani.

"Jambo moja," mwenyekiti alisema mwishoni. "Kwa nini ulituma mchoro unaojua una kosa?"

"Kwa sababu ndio uliokuwa mzuri kutazama. Nilidhani hamtaona." Mama Mita alifuta mikono wino. "Na mume wangu alidhani hivyo hivyo."

Kijana wa ndevu alicheka, akajifanya anakohoa. Watatu wale walitoka nje kwa dakika kumi. Waliporudi, mwenyekiti alitaja siku ya kuripoti na mshahara, na mshahara ulizidi ule uliomchekesha Mtaalamu. Mama Mita aliomba kalamu akaandika, kwa kuogopa kwamba amesikia vibaya.

"Na huyu jina lake litafutwa," mwenyekiti alisema, akiigusa barua kwa kidole. Kisha akavua miwani na kuuliza kwa sauti nyingine, ya mtu mzima kwa mtu mzima: "Unaishi naye nyumba moja?"

Mama Mita alimjibu, akaomba nakala ya barua.

Alifika nyumbani saa tisa na nusu. Mtaalamu alikuwa mezani, simu mbele yake, shati la ofisini mwilini, anasubiri kupigiwa.

"Vipi?" aliuliza kwa upole. "Walikuwa wagumu?"

Mama Mita aliweka karatasi mezani. Mtaalamu aliitambua kabla haijakaa vizuri.

"Msomee mama yako."

"Sikiliza, mke wangu..."

"Basi nitamsomea mimi."

Aliisoma yote, pale pale amesimama, mkoba begani. Mama mkwe alisikiliza ameinamisha kichwa. Iliposomwa "msaidizi tu" Mtaalamu alifumba macho, na iliposomwa "asiadhibiwe sana" aliyafumbua, akaanza kusema kwa kasi. Kwamba alijua watamuuliza tu mkewe, naye mkewe atajibu. Kwamba ilikuwa njia ya kumpima nguvu. Kwamba mtu aliyekaa miezi saba akitazama mkewe akienda kazini hana akili timamu, na asiye na akili timamu hahukumiwi. La mwisho hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kama angelianza nalo tangu Jumapili, huenda mambo yangekuwa mengine.

"Kazi nimepata," Mama Mita alisema.

Mtaalamu aliitazama simu iliyokuwa mezani.

"Wewe wamekufuta. Sikuwaomba wasikufute. Nilikuwa nimepanga kuwaomba." Alivuta pumzi. "Waliniuliza kama ninaishi nawe. Nikawaambia, mpaka leo asubuhi."

"Unanifukuza? Nyumbani kwangu?"

"Mkataba wa nyumba una jina la anayelipa. Hili wala sikuandika mimi, aliandika mwenye nyumba."

Mtaalamu alisimama, akacheka kicheko kikavu. "Sawa. Mama, funga virago. Hatuwezi kukaa mahali tunapodharauliwa. Abaki na mita zake, tuone kama zitamzungumzisha."

Mama mkwe aliinuka, akaenda vyumbani. Walimsikia akifungua kabati, akipekua, akifunga zipu. Mtaalamu alisimama kidevu juu. Mama Mita alijishika kwenye kiti, kwa kuwa hata mama mkwe mkorofi anapoondoka nyumba inakuwa tupu zaidi.

Mama mkwe alirudi akiburuta begi moja. Lilikuwa la mwanawe.

"Mashati yote yamo," alisema. "Hilo ulilovaa ondoka nalo."

"Na lako, Mama?"

"Mimi miguu inaniuma."

Msimsifu haraka. Mama huyu alijua mshahara umeelekea upande gani, na miguu yake ilikuwa na tabia ya kuuma panapomfaa. Hata hivyo alipolisukuma lile begi kuelekea mlangoni, hakumtazama usoni, kwa kuwa alikuwa anamtoa mtoto aliyemzaa.

Mtaalamu alisubiri azuiwe. Hakuna aliyemzuia. Alipotoka, hakufunga mlango, na Mama Mita ndiye aliyeufunga. Kisha akakaa chini, kazi mpya mkobani, akalia kwa sauti, bila kuficha uso.

Mama mkwe alimwacha alie. Alipoona amepungukiwa machozi alisema, macho yakiwa mikononi mwake:

"Nilimsikia asubuhi. Aliisoma kwa kunong'ona kabla ya kuituma, ulipokuwa unapiga pasi. Nilisikia kila neno, nikanyamaza."

Mama Mita aliinua kichwa.

"Kazi ilikuwa moja," mama mkwe aliendelea. "Nilijua mmoja ataipata, mmoja ataumia. Nikasema moyoni, acha aipate wa kwangu."

"Na mimi, Mama," aliuliza Mama Mita, "miaka yote hii nilikuwa wa nani?"